Nilimwambia Kanzu Hairuhusiwi

Picha ninayo mpaka leo. Iko kwenye droo ya chini ya kabati la chumbani, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na sijamwonyesha mtu. Ndani ya picha hiyo mimi nimependeza, sitaki kujifanya mnyenyekevu. Gauni la satini la kijani mpaka kwenye vifundo vya miguu, mtandio wa dhahabu, viatu vya kisigino kirefu vilivyonitoa malengelenge kabla hatujafika hata kwenye lifti. Pembeni yangu mume wangu amevaa tuksedo ya kukodi. Imembana mabegani, tai ya kipepeo imelalia kushoto. Ukimtazama usoni utadhani anasubiri kusomewa hukumu.

Ilikuwa Juni 2009, ndani ya meli ya kitalii iliyokuwa ikitoka Southampton kwenda Norway. Tulikuwa tumeoana Tanga mwaka 2008 na fungate hatukwenda popote. Pesa zote ziliishia kwenye shughuli, si unajua tena shughuli za kwetu. Miezi michache baadaye tukahamia mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, yeye akisoma shahada ya pili, mimi nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka ule uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba na nafasi za melini zilikuwa zinauzwa kwa bei ya kutupa. Nikaona tangazo: usiku 7, kabini ya ndani isiyo na dirisha. Nikapiga hesabu ya zamu zangu za usiku, nikakata tiketi, tukaanza kuhangaikia viza ya Norway. Hiyo ndiyo ikawa fungate yetu.

Tiketi zilikuja na kijitabu. Mimi kijitabu kile nilikisoma kitandani kama mwanafunzi anayesubiri mtihani. Kwa ambaye hajawahi kupanda meli hizi, ngoja nieleze kidogo, maana mavazi melini si jambo dogo hata kidogo. Mchana vaa utakavyo. Jioni, kuanzia kama saa 12, kila siku ina daraja lake. Kuna usiku wa kawaida, suruali na shati lenye kola. Kuna usiku wa kati, koti lakini tai si lazima. Halafu kuna usiku rasmi, na kwenye safari ya wiki moja zinakuwa mbili hivi. Hapo mwanaume avae tuksedo au suti nyeusi na tai, mwanamke gauni refu au kitu cha hadhi hiyo. Usiku wa kwanza hauwi rasmi. Ni desturi ya tangu enzi za meli za kuvuka Atlantiki, kwa sababu masanduku yalikuwa bado hayajafunguliwa. Usiku rasmi huwekwa siku ambazo meli haigusi bandari, watu wana mchana mzima wa kujiremba.

Mwisho wa ukurasa ule wa mavazi kulikuwa na mstari mmoja. Ulisema kwamba usiku rasmi abiria anaweza pia kuvaa vazi rasmi la taifa lake.

Nikausoma mara mbili. Nikafunga kijitabu, nikakiweka chini ya godoro upande wangu.

Mume wangu alikuwa tayari ameshasema atavaa nini. Kanzu yake ya ndoa, iliyoshonwa na mjomba wake Ngamiani, nyeupe yenye darizi kifuani, na koti jeusi juu yake na kofia. Alikuja nayo Uingereza ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Usiku huo akaniuliza, "Wameandika nini kuhusu nguo?"

Nikamwambia, "Lazima tuksedo. Kanzu hairuhusiwi."

Sasa utaniuliza kwa nini. Na mimi nimejiuliza sana. Sikumwonea aibu mume wangu, niamini. Nilikuwa nimechoka kutazamwa. Sikukuu ya Idi ya mwaka uliotangulia tulisimama kituo cha basi, yeye na kanzu yake, na vijana wawili wakatucheka mpaka basi likafika. Kazini bibi mmoja niliyekuwa namwogesha kila asubuhi alikuwa akiniuliza kila siku narudi kwetu lini. Nilitaka siku 7 za kufanana na wale watu wa kwenye kijitabu, wanaoshuka ngazi wakiwa wamevaa nyeusi na nyeupe na hakuna anayewauliza kitu. Kanzu ingetufanya tuonekane. Nilitaka kupotea ndani ya umati nikiwa nimependeza.

Tukaenda duka la kukodisha suti. Saizi yake walikuwa hawana, wakatupa iliyokaribia. Hakulalamika. Alisema tu, "Haya, sheria ni sheria."

Usiku rasmi wa kwanza tukapiga picha kwenye ngazi kubwa, ndiyo hiyo iliyoko kwenye droo. Nahodha akasimama kwenye ukumbi akisalimia watu, glasi za shampeni zikapangwa mnara, sisi tukachukua juisi yetu ya machungwa. Nilikuwa nimefurahi mno. Kweli nilikuwa nimefurahi, na siwezi kuibadilisha furaha ile kwa sababu tu ya kilichofuata. Tukakaa kwenye meza yetu ya watu 8 pamoja na wastaafu wa Kiingereza, watu wazuri, wachangamfu. Mmoja wao, mzee wa Kiskoti, amevaa ile sketi yao ya mistari na soksi ndefu. Mume wangu akamtazama, akanitazama. Nikajifanya nasoma orodha ya vyakula.

Halafu mlango wa mgahawa ukafunguliwa akaingia baba mmoja wa Kinigeria na mkewe. Agbada ya bluu, pana, imedariziwa kwa uzi wa fedha kutoka shingoni mpaka tumboni, kofia imelazwa upande. Mkewe amefunga kilemba kirefu kama jahazi lililotweka tanga. Yaani ukumbi wote uligeuka. Na hawakucheka, msomaji. Mkuu wa wahudumu aliinama kidogo, akawaongoza mpaka mezani kama wafalme. Wenzetu mezani wakasema, ona jinsi walivyopendeza.

Mume wangu hakusema neno. Alikula supu, akala samaki, akamshukuru mhudumu kila sahani. Tulipofika kabini akavua lile koti taratibu, akalitundika, akakaa kitandani.

"Wewe ulikisoma kile kitabu," akasema. Halikuwa swali.

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Labda hiyo ni sheria ya Wanigeria."

Sijui nilitarajia nini kwa jibu lile. Alilala akiwa amegeukia ukuta.

Usiku rasmi wa pili hakutoka. Alisema atakula kwenye bafe la juu, ambako hawadai mtu avae nini. Nikavaa gauni langu la pili, nikaenda peke yangu. Kiti kimoja tupu kati ya viti 8. Bibi aliyekaa kulia kwangu akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamjibu kwamba bahari imemsumbua. Tulikuwa bado ndani ya zile ghuba ndefu za Norway, mlima huku mlima kule, maji yametulia kama kwenye beseni. Bibi wa watu akanipapasa mkono. Nadhani alijua.

Hatukugombana. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Tulirudi, maisha yakaendelea, mwaka 2011 tukahamia Dar es Salaam, watoto wakaja. Kanzu aliendelea kuivaa kwenye harusi za watu na kwenye Idi. Ila kila akiivaa nilikuwa natafuta kitu cha kufanya jikoni.

* * *

Mwaka 2023 tukatimiza miaka 15. Mimi ndiye niliyesema twende tena melini. Safari hii kutoka Barcelona, usiku 7, Marseille, Genoa, Civitavecchia bandari ya Roma, Naples, na turudi. Kabini yenye dirisha mara hii, tumekua bwana.

Nikaanza tena kusoma masharti ya mavazi, na nilichokiona kilinishangaza. Yale madaraja yamekwisha. Kampuni tuliyosafiri nayo haikuwa tena na usiku rasmi. Ilikuwa na usiku mbili za kupendeza, ndivyo walivyoziita, na walichokataza ni kaptura, kandambili na kofia za jua mezani. Suruali ya jinzi isiyochanika ruksa. Tai wala hawakuitaja.

Nikaanza kufuatilia, maana mimi nikishika jambo siliachi. Kumbe mabadiliko yalianza zamani. Norwegian Cruise Line walishaanza mwaka 2000 mtindo wao wa kula saa yoyote, meza yoyote, bila kulazimishwa kuvaa rasmi. Oceania, iliyoanzishwa 2002 na ambayo si meli ya watu wa bei rahisi, iliingia sokoni ikisema tangu mwanzo kwamba kwao hakuna koti wala tai. Viking walipoingia baharini mwaka 2015 nao hawakuweka usiku rasmi. Mwaka huohuo Celebrity wakaufuta wa kwao. Hata Holland America, meli zinazopendwa na wazee, wakalegeza kamba. Miongoni mwa waliobaki wameng'ang'ania ni Cunard, kampuni iliyoanza kuvusha watu Atlantiki mwaka 1840. Kwao bado kuna usiku wa gala, wa nyeusi na nyeupe au wa vinyago, na asiyetaka kujipamba ana sehemu zake za kwenda: bafe, baa ya kawaida, kasino. Mgahawa mkuu asiguse.

Sababu nazijua baadhi. Tangu 2008 mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yalipoanza kutoza pesa hata kwa sanduku la kwanza, nani atabeba tuksedo na viatu vyake kwa ajili ya usiku mbili? Halafu wateja wamebadilika. Familia zenye watoto, watu wa miaka 30 na kitu wanaofanya kazi siku nzima wakiwa na tai shingoni, ukiwaambia likizo nayo ni tai wanakwenda kwingine. Na meli zenyewe siku hizi zina migahawa 10 na zaidi. Zamani ulikuwa na meza yako na saa yako, watu walewale 7 wanakuona kila usiku, usipopendeza wanajua. Sasa unakula popote, na mtu usiyemwona tena unampendezea wa nini?

Lakini niseme na langu. Sheria ilipolegezwa, waliopumua ni wanaume. Wanawake hatukupumua. Usiku wa kwanza wa kupendeza nilisimama karibu na lifti nikiwatazama watu wanaoshuka, na wanandoa wengi ni walewale: mama amevaa gauni la kung'aa, nywele zimetengenezwa saluni ya ghorofa ya juu, mkoba mdogo wa shanga. Pembeni yake baba ana fulana yenye kola na jinzi, kama anakwenda kununua kuku. Zamani kijitabu ndicho kilichokuwa kinamwambia mwanaume avae. Mke ananyoosha kidole kwenye ukurasa, basi, biashara imekwisha. Sasa ukitaka mumeo apendeze inabidi umwombe wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na umweleze kwa nini.

Wangu naye alikuwa na fulana yenye kola. Aliyasoma masharti kabla yangu, akafungasha fulana 5, suruali 2 na raba nyeupe. Sanduku lake lilikuwa jepesi mpaka nikaona wivu.

Asichokijua ni kwamba kwenye sanduku langu, chini kabisa, niliiweka ile kanzu.

Sasa kanzu ya pamba iliyokunjwa tangu Dar inatoka kama karatasi iliyokaliwa. Na melini huruhusiwi kuingiza pasi kabini, wanaogopa moto, ukiwa nayo sandukuni wanaichukua pale mnapopanda. Dawa wanayoijua wasafiri ni mvuke: tundika nguo bafuni, fungulia maji ya moto, funga mlango. Nikafanya hivyo jioni ile kabla ya chakula, yeye akiwa ghorofa ya juu anatazama jua likizama. Nilihesabu atachelewa. Hakuchelewa. Akaingia kabini, akafungua mlango wa bafuni moja kwa moja, mvuke ukatoka wote, na kanzu ikawa inaning'inia pale katikati kama mtu aliyesimama.

Alikaa kimya muda.

"Hii imefikaje huku?"

"Nimeileta mimi."

"Nani amekwambia nitaivaa?"

"Hakuna."

Akafunga bomba. "Maji yanapotea," akasema. Halafu akakaa kitandani, vilevile kama alivyokaa mwaka ule. "Mama watoto, siku niliyotaka kuivaa ulisema hairuhusiwi. Leo kila kitu kinaruhusiwa, mpaka jinzi. Sasa nivae kwa ajili ya sheria gani?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nilikuwa nayo tangu uwanja wa ndege. Yote yakapotea. Nikasema, "Nilikisoma. Kile kijitabu. Ule mstari wa vazi la taifa niliuona, nikakificha chini ya godoro."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Ila sijawahi kukwambia."

"Miaka 14," akasema. Alihesabu vizuri kuliko mimi. "Mimi sikuumia kwa sababu ya tuksedo, unajua? Ilinibana lakini nilivaa. Niliumia uliposema ni sheria ya Wanigeria."

Nikacheka, Mungu anisamehe, ilinitoka tu. Yeye hakucheka. Akachukua simu yake akatoka, na usiku huo tulikula pamoja, mimi na gauni, yeye na fulana yake ya bluu, tukazungumzia ada za shule. Ukituona ungetuhesabu kwenye wanandoa walewale wa lifti.

Kanzu ikabaki bafuni. Sikuitoa, na yeye hakuitoa. Marseille ikapita, Genoa ikapita. Kila tukienda kuoga tunaisogeza pembeni. Ilifika mahali nikawa nasema "samahani" nikiigusa.

Usiku wa pili wa kupendeza ulikuwa baada ya Naples. Niliketi mbele ya kioo nikihangaika na hereni, nimevaa gauni jeusi la kawaida. Moyo wa kujiremba nilikuwa sina. Nikasikia mlango wa bafuni. Nikamwona kupitia kioo. Kanzu imening'inia vizuri mabegani, mikunjo imebaki kidogo karibu na magoti. Koti nilikuwa nimelisahau nyumbani, hivyo hakuna koti. Kofia hakuna. Miguuni raba nyeupe, maana makubadhi ndiyo kabisa sikuyakumbuka.

"Lile gauni lako la kijani uliliacha?" akauliza.

"La kijani halinienei tangu mtoto wa kwanza."

"Basi twende hivyohivyo."

Huko nje hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa macho ya watu, kwa mshangao au kwa kicheko, na hapakuwa na chochote. Watu walikuwa na fulana zao, magauni yao, kijana mmoja alikuwa na suti ya rangi ya waridi bila shati ndani. Kanzu ilikuwa nguo moja kati ya nguo. Nilichotafuta mwaka 2009, kupotea ndani ya umati, nilikipata siku hiyo, tena akiwa na kanzu mwilini, na nikajikuta nataka watu wamwone.

Mmoja alimwona. Mhudumu wa meza ya tatu kutoka kwetu, kijana, alisimama na sahani mkononi, akaja. "Asalaam aleikum, mzee. Wewe watoka pwani ya wapi?" Alikuwa mtu wa Likoni. Miezi 7 baharini, akasema, hajamwona mtu na kanzu ila siku anayozungumza na babake kwa simu ya video. Mume wangu, ambaye ana miaka 46 na hapendi kuitwa mzee, aliitikia kwa furaha zote, wakaanza: Tanga na Mombasa, nani anapika pweza vizuri, kivuko cha Likoni bado kina foleni. Chakula chetu kilipoa. Kijana aliporudi kwenye kazi yake mume wangu akanyoosha kanzu magotini, akaniambia, "Mjomba angekuwa hai ungemwomba radhi yeye kwanza. Mimi baadaye."

"Nitamwomba dua," nikasema.

"Mwombee. Na mimi nipe huo mkate."

Mpiga picha alikuwa kwenye ngazi, kama wa mwaka ule. Siku hizi wengi wanampita kwa sababu kila mtu ana simu. Mimi nilikuwa tayari nimempita, nikashikwa mkono. Tukasimama. Kesho yake picha ikawa tayari, bei yake ya kukufanya uhesabu mara mbili, na huyu mtu anayezima taa za sebule kila ninapotoka dakika 2 akamwambia muuzaji atupe nakala mbili.

Moja tumempelekea mama yake Tanga. Nyingine iko sebuleni, juu ya televisheni. Mikunjo ya kanzu inaonekana, na raba pia. Wageni wakiuliza zile raba za nini, yeye ananinyooshea mimi kidole.